Meno ya kuvaa tu au ya kushikwa na skurubu?
Kwa asobakiwa na jino hata moja, taya la chini ndo lenye kazi. Meno ya bandia ya kawaida yanakaa juu ya ufizi tu na mfupa chini yake unalika mwaka hadi mwaka, ndo mana bi mkubwa akitafuna pweza yanachezacheza. Ya implanti, skurubu mbili za titaniamu zinashikana na mfupa, meno yanabana juu yake, usiku unayavua unayasafisha. Baada ya miaka 10 nyingi huwa bado zimo, na mwaka 2002 wataalamu waliokutana Montreal walisema mbili chini ndo ziwe chaguo la mwanzo. Lakini bei yake, yallah! Na vibano vya nailoni vinavyoshika meno kwenye skurubu vinalika vibadilishwe, uchafu na sigara vinaozesha ufizi. Taya la juu? Ya kawaida hushika vizuri, mie nsingetia pesa huko.