Loyverse kwa duka la rejareja: wizi inaouziba na unaoipita

Programu hii ya mauzo inatumika kwenye simu au tableti, na sehemu ya msingi ni bure. Usimamizi wa wafanyakazi, unaompa kila muuzaji namba yake ya siri na ruhusa zake, unalipiwa. Lipia. Bila huo wote wanauza kwa jina moja, na pesa ikipungua kila mtu anamnyooshea mwenzake kidole.

Ruhusa ya kwanza kuzima ni ya kurudisha malipo. Mchezo wenyewe huu hapa: mteja analipa taslimu, anaondoka, muuzaji anairudisha ile risiti kana kwamba bidhaa imekataliwa, noti inaingia mfukoni na droo inalingana kabisa.

Shifti ifunguliwe kwa chenji inayojulikana, tuseme 20,000. Wakati wa kufunga, muuzaji ahesabu na kuandika kiasi kabla hajaona kiasi ambacho programu inatarajia kiwe kwenye droo, la sivyo atakinakili hicho tu.

Ambacho programu haikioni ni kitu kilichouzwa bila kuingizwa kwenye programu, au mteja aliyepewa namba binafsi ya muuzaji badala ya Lipa Namba ya duka. Hapo ni kuhesabu mzigo: uliokuwepo, jumlisha ulioingia, toa uliouzwa, kisha linganisha na uliopo rafuni. Kila jioni chagua bidhaa tano zinazotoka haraka uzihesabu, na usitangaze ni zipi. Sukari ya kupima hupungua kidogo kwenye mizani, kwa hiyo usimkamate mtu kwa robo kilo. Pakiti za unga hazipungui zenyewe.