Vipodozi visivyo na gluteni: pesa yako ianzie mdomoni

Mdogo wangu alipoambiwa ana siliaki, yaani ugonjwa ambao utumbo huumizwa na gluteni, protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na nafaka iitwayo rai, tulisafisha kabati la jikoni siku hiyohiyo. Unga wa ngano, tambi, biskuti, vyote vikatoka. Mkoba wake wa vipodozi hakuna aliyeukumbuka. Wiki kadhaa baadaye ndipo nilipochukua boksi la lipstiki anayopaka kila siku, nikawasha tochi ya simu na kusoma yale maandishi madogo ya nyuma: "Triticum Vulgare Germ Oil". Hayo ni mafuta ya kiini cha ngano, na lipstiki hailambwi mara moja tu kwa siku.

Gluteni haipenyi ngozi isiyo na jeraha, chembe zake ni kubwa mno. Mwenye siliaki huumia inapofika utumboni, kwa hiyo kinachokaribia mdomo ndicho cha kutumia pesa. Mwenye aleji ya ngano yeye asiguse kabisa kipodozi chenye ngano, hata poda. Japani, sabuni ya uso yenye protini ya ngano iliyovunjwavunjwa iliwasababishia watu zaidi ya 2,000 aleji ya ngano, wakawa wanadhurika kwa vyakula walivyovizoea.

Kwa midomo, njia ya kwanza ni lipstiki ya kampuni ambayo bidhaa zake zote hazina gluteni, kama Red Apple Lipstick ya Marekani. Huhangaiki kukagua rangi moja moja. Tatizo ni kuagiza, maana usafirishaji na ushuru vinaumiza. Kama kuna ndugu anakuja likizo, mwagize rangi mbili unazozivaa kweli, basi.

Ya pili, na kwa siku za kawaida mimi naipenda zaidi, ni mafuta ya mgando yasiyo na manukato. Geuza kopo: orodha iwe na neno moja tu, "Petrolatum". Mafuta ya nazi ya kukamua nyumbani nayo yanafaa. Midomo inang'aa, na bei haiumi.

Ya tatu ni lipstiki ya dukani yenye orodha kamili ya viambato. Usiridhike na "Gluten Free" ya mbele ya boksi. Hata Marekani, kiwango cha kisheria cha chini ya sehemu 20 za gluteni kwa milioni kiliwekwa mwaka 2013 kwa ajili ya chakula, si vipodozi, kwa hiyo maneno hayo kwenye lipstiki ni ahadi ya mtengenezaji. Soma nyuma. "Triticum" au "Wheat" ni ngano, "Hordeum" ni shayiri, "Secale" ni rai. "Avena" ni oti, ambayo mara nyingi huchanganyika na ngano shambani au kiwandani. Ukikuta "Tocopherol", hiyo ni vitamini E. Nyingi hutokana na soya au alizeti lakini ngano nayo hutumika, kwa hiyo mwandikie mtengenezaji umuulize chanzo.

Ya mwisho, ambayo nakusihi uiache, ni lipstiki isiyo na boksi wala lebo, hata muuzaji akiapa kwamba ni ya asilia. Ngano nayo ni ya asilia. Zile za kujaribia dukani pia usipake mdomoni, zimepita kwenye midomo ya watu waliotoka kula chapati.

Fandesheni, wanja na rangi ya kope, mwenye siliaki asivimalizie mshahara. Maskara iangalie kama ina "Hydrolyzed Wheat Protein", ambayo huwekwa kunenepesha kope, kwa sababu macho yakiwasha utayafikicha kwa vidole.

Na vidole ndivyo tunavyosahau. Sisi tunakula ugali na wali kwa mkono. Losheni ya mikono yenye ngano au oti inaingia kwenye tonge moja kwa moja, kwa hiyo mimi naipanga sawa na lipstiki: ikaguliwe kwa ukali uleule, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula.

Ukipata inayokufaa, piga picha orodha ya nyuma. Watengenezaji hubadilisha viambato bila kubadilisha boksi la mbele, na mdogo wangu hulinganisha na picha hiyo kila anaponunua nyingine.