Siku tatu Gir na basi la wanafunzi: uzoefu wangu

Nasoma Rajkot, jimbo la Gujarat, huu ni mwaka wangu wa pili India. Februari iliyopita wanafunzi wa kigeni kumi na wanane tulilipia safari ya siku tatu kwenda Sasan Gir, kijiji kilicho kwenye mbuga ya simba ya Gir, kwa wakala mmoja wa hapa mjini: basi lenye waifai, hoteli, chakula na kuingia mbugani mara moja. Watanzania na Wakenya wenzangu wananiuliza kila siku kama inafaa. Inafaa, nenda. Ila kibali chako kikague mwenyewe.

Kibali cha Gir hukatwa mtandaoni, na jina na namba ya pasi lazima vifanane na pasi uliyoishika. Wakala wetu alikosea tarakimu mbili za dada mmoja kutoka Uganda. Alfajiri, baridi inang'ata, akazuiwa getini. Tulimwacha kwenye benchi amejifunika shali, magari yakaondoka. Mpaka leo linaniuma, maana alikuwa ameweka akiba miezi kwa ajili ya asubuhi ile. Dai nakala ya kibali siku mbili tatu kabla, uisome herufi kwa herufi. Na ujue kwamba wenye pasi za kigeni tunalipa mara kadhaa ya wanacholipa Wahindi, hata kama unaishi hapa kimasomo.

Ndani mnapanda gari dogo la wazi, abiria sita, na muongozaji wa mbuga. Mimi nilishafika Mikumi nikiwa sekondari, nikadhani simba ni simba tu. Gir ni msitu wa mitiki, na Februari majani yameshakauka na kudondoka, kila kitu chini ni rangi ya kahawia. Dereva alizima injini, muongozaji akanyoosha kidole. Sote tulikodoa macho, hatukuona kitu. Kisha mkia ukapigapiga majani, na hapo hapo dume zima likajitokeza mbele ya macho yetu, hatua kama ishirini, lilikuwapo muda wote. Manyoya yake ya kichwani ni machache kuliko ya simba wa kwetu, masikio yanaonekana wazi, na chini ya tumbo kuna mkunjo wa ngozi unaoning'inia. Simba wa Asia wa porini wamebaki kona hii ya Gujarat peke yake. Zaidi ya miaka mia iliyopita walikuwa wamekaribia kuisha, hadi Nawabu, yaani mtawala, wa Junagadh alipowakinga na wawindaji. Hesabu ya 2025 ilikuta 891. Nililijua hilo darasani, lakini kulijua ukiwa unamtazama anavyopumua ni kitu kingine.

Mtandao: waifai ya basi ilikufa tulipopita Junagadh na haikufufuka. Nunua bando kwenye laini yako. Sasan penyewe mtandao uko vizuri, hata muuza chai wa kandokando ya barabara ana karatasi ya QR, unaskani unalipa. Lakini wale wageni kabisa ambao hawajafungua akaunti ya benki hapa walihangaika, kwa hiyo beba rupia za mkononi. Msituni mtandao unakata, na nilifurahi ulivyokata.

Chakula cha hoteli kilikuwa kizuri, cha mboga tupu.

Kilichonishika kuliko vyote hakimo kwenye kifurushi. Tulimwomba dereva atupitishe Jambur, kijiji cha Wasidi, watu ambao wahenga wao walitoka Afrika karne nyingi zilizopita. Wanazungumza Kigujarati, na ngoma yao ya kidini wanaiita dhamal, au goma. Goma! Vijana walipoanza kupiga nilimpigia mama Tanga kwa video. Aliangalia zile nyuso na ile mikono juu ya ngozi ya ngoma, akanyamaza, kisha akaniambia nisogeze simu karibu. Mzee mmoja akaichukua simu mkononi mwangu, akaiinua mpaka usawa wa uso wake. Yeye na mama hawakuwa na lugha moja ya kuzungumza. "Asalaam aleikum," mzee akasema. Mama akaitikia, "Wa aleikum salaam, baba," akaendelea kumsalimia kwa Kiswahili, na yule mzee akawa anatikisa kichwa kila neno mpaka bando langu likaisha.