Gereji isiyo na bango Maweni: peleka Impreza yako ya turbo hapa

Ukiishi Malindi na una gari la spoti, spea hazitakusumbua sana. Ukiagiza Mombasa asubuhi, basi linakuletea jioni. Kazi ni kumpata fundi atakayetafuta ugonjwa kabla hajagusa spana. Mimi nimempata, yuko Maweni, kwenye ua wa mabati wenye mwembe mmoja katikati. Bango hana. Uliza bodaboda yeyote wa hapo fundi wa Subaru, atakufikisha.

Langu ni Subaru Impreza WRX ya 2006, injini ya lita 2. Nilimpelekea likiwa linachemka. Gereji moja ya Mombasa ilikuwa imeshatoa hukumu: gasketi za hedi, zile zinazoziba kati ya hedi na bloku ya silinda, zimekwenda, injini ishushwe, shilingi 140,000 na spea mbali. Ukiwa na Subaru ni rahisi kuyaamini maneno hayo. Silinda zake zimelala, mbili kulia na mbili kushoto, kwa hiyo hedi ni mbili na gasketi ni mbili, na mafundi wengi huona afadhali kuitoa injini nje kuliko kubanana nazo ndani. Sifa ya gasketi kuvuja nayo ipo kweli. Ndiyo maana Subaru ikichemka tu, watu wanaanza kutafuta winchi.

Huyu alianza kwa maswali. Linachemka ukiwa umesimama kwenye foleni au ukiwa mbioni? Ukiwasha hita ndani, inatoa joto au upepo baridi? Maji yanapungua? Na huwa mnaongeza maji ya wapi? Nikamwambia pale ninapooshewa gari ndipo wanapoongeza, wanateka kisimani. Akashika kiuno. "Dadangu, maji ya kisima cha huku hata sabuni haitoi povu, chumvi tupu. Na rejeta hii ni aluminiamu, chumvi inaila."

Kisha akatoa kichupa chenye dawa ya buluu, akakikaza kwenye mdomo wa maji injini ikiwa inanguruma. Hewa inayopanda kutoka kwenye maji hupitishwa ndani ya dawa ile. Gasketi ikiwa imepasuka, hewa ya mwako inapenya kwenye maji, na kaboni dayoksaidi iliyomo huigeuza buluu kuwa manjano. Tukangoja injini ipate moto sawasawa, feni ikawaka, ikazima, ikawaka tena. Dawa ilibaki buluu. Baadaye, gari lilipopoa, akaupampu mfumo mzima wa maji na kuiacha geji hapo huku akila chakula chake cha mchana. Mshale haukushuka, yaani hakuna panapovuja.

Ugonjwa ulikuwa kwenye vifuniko. Impreza za turbo za umri huu zina vifuniko viwili vya maji: kimoja kwenye rejeta, kingine kwenye tangi dogo la chuma karibu na turbo, ambalo ndilo limekaa juu kuliko sehemu nyingine za mfumo. Ukivitazama utadhani ni pacha. Springi zake ni tofauti: cha tangi hufunguka mapema, ili hewa na maji yaliyozidi yatokee pale juu, cha rejeta ni kigumu zaidi. Vyangu vilikuwa vimewekwa kinyume, na raba ya kimoja ilikuwa imekatika. Maji yasiyo na shinikizo huchemka kwenye nyuzi 100. Yakibanwa kwa bar moja juu ya hewa ya kawaida, yanafika karibu 120 kabla ya kuchemka. Nyuzi hizo 20 ndizo zinazokufikisha Kilifi saa nane ya mchana bila kusimama.

Nililipa shilingi 1,500 za uchunguzi, pamoja na bei ya vifuniko viwili, kulanti (maji maalumu ya rejeta), na kazi ya kuusafisha mfumo mpaka maji yakatoka meupe. Linganisha na 140,000.

Mara nyingine taa ya injini iliwaka na gari likawa linatetemeka likisimama. Kimashine chake cha kusomea hitilafu kikasoma P0303, yaani silinda ya tatu inakosa moto. Hapa ndipo mafundi wengi hukutuma ununue koili, zile zinazozipa plagi umeme, zote nne. Yeye aliichukua koili ya silinda ya tatu akaipeleka ya kwanza, zote ziko upande mmoja, akafuta kodi, yaani ile namba ya hitilafu, akamtuma spana boi akazunguke na gari hadi njia ya Lamu na kurudi. Kodi ikarudi ikiwa P0301. Ugonjwa umeifuata koili, basi koili ni mbovu, nunua moja. Ingebaki P0303, angeendelea na plagi, injekta, halafu kompresheni. Alipokuwa humo akanionyesha pini za soketi zilizoota ukijani kwa upepo wa bahari, akazisafisha na kuzipaka grisi, kisha akakwangua arthi ya injini. Hilo sikumwomba na hakulitoza.

Kimashine chenyewe kinaelewana na Subaru zilizotengenezwa kwa soko la Japani, ambazo ndizo tulizo nazo wengi. Vile vidogo vya bluutuu vya bei rahisi mara nyingi havipati jibu lolote kwenye magari hayo, ingawa soketi inaingia barabara.

Lakini ninachomheshimia zaidi ni sikio. Anataka gari lifike kwake likalale, aliwashe mwenyewe asubuhi likiwa baridi. Mgongo wa pistoni ukigonga ukuta wa silinda, mlio husikika injini ikiwa baridi na hufifia ikipata moto. Subaru nyingi huishi na mlio huo miaka. Beringi ya konrodi, mkono unaounga pistoni na krenki, ikiwa imeliwa, mlio huzidi oili inapopata moto na kuwa nyepesi, na hukufuata unapokanyaga mafuta. Wa kwanza unaweza kwenda nao. Wa pili unazima gari hapo hapo. Nilimkuta pia akilinganisha kabureta mbili za Alfa Romeo Spider ya Muitaliano mmoja wa Casuarina kwa kipande cha mpira wa maji: ncha moja sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta, anasikiliza mvumo wa hewa wa huku na wa kule mpaka ulingane.

Kasoro zipo. Nusu ya ua haina paa, na kaskazi ikivuma mchanga unaruka. Injini ikifunguliwa kabisa ningetaka ifanyiwe kazi ndani. Mashine ya kupimia matairi hana. Simu hapokei akiwa chini ya gari, na Ijumaa mchana usimtafute. Rangi na kunyoosha bodi peleka kwingine, atakwambia mwenyewe.

Sasa gari liko kwake tena kwa ajili ya mkanda wa taiming, unaopatanisha mwendo wa valvu na pistoni, ambao kwenye injini hii hubadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika, valvu zinagongana na pistoni. Amekataa kubadilisha mkanda peke yake: anataka roli zote unapopita mkanda, tenshena inayoukaza na pampu ya maji, kwa kuwa pampu inazungushwa na mkanda huo huo na kazi ya kufungua ni moja. Roli yenye meno imekosekana Mombasa, inatoka Nairobi. Nikishalichukua nitaongeza hapa bei kamili.