Tahadhari: Ukienda Kariakoo kutafuta koili ya shawa, usikubali kuuziwa shawa nzima

Ndugu zangu wa Dar es Salaam, hasa mnaotumia shawa za umeme zinazopasha maji papo hapo, naandika tahadhari hii kwa sababu mchezo niliochezewa mwezi wa Julai ungeweza kumuua mama yangu mzazi, na kwa sababu tangu nianze kuusimulia nimekwisha kukutana na majirani wawili waliochezewa vilevile, kwa maneno yaleyale. Sitataja jina la duka wala la mtu, lakini nitaeleza namna wanavyofanya kazi yao ili atakayekutana nao awatambue kabla hajatoa fedha.

Shawa yetu hapa Kimara ilifanya kazi miaka minne bila kusumbua. Kipupwe kilipoingia ikaanza kutoa maji vuguvugu, kisha ikawa kuna asubuhi inatoa maji ya baridi kabisa, ingawa umeme upo na breka haijaanguka. Mama anasumbuliwa na viungo na hawezi kuoga maji ya baridi, kwa hiyo sikutaka jambo hilo likae. Nilidhani koili, yaani waya wa ndani unaopasha maji, imekatika, nikaenda Kariakoo kutafuta koili peke yake.

Nilipofika tu nilipokewa na winga, yaani dalali anayewapeleka wateja madukani, kijana mwenye adabu sana, aliyenisikiliza hadi mwisho kisha akanipeleka kwenye duka moja la vifaa vya umeme lililo ndani ya kichochoro. Mwenye duka hakuniuliza hata swali moja kuhusu shawa yangu. Aliniambia, "Mama yangu, koili za shawa hiyo hazitengenezwi tena, utazunguka Kariakoo nzima mpaka jioni," akanionyesha boksi lenye nembo ya kampuni maarufu ya Brazili, limeandikwa wati 5,500, kwa shilingi 95,000. Aliahidi pia fundi wake atakuja kuifunga siku hiyohiyo kwa shilingi 25,000 tu, na kwamba ile ya zamani ataondoka nayo akaitupe ili isinijazie takataka nyumbani. Nililipa kwa simu, kwenye namba ya mtu binafsi na si lipa namba ya duka, nikapewa karatasi iliyoandikwa kwa kalamu, isiyo na jina la duka wala namba ya mlipakodi. Sote tunaujua wito wa TRA, mamlaka ya mapato, kwamba ukiuza toa risiti na ukinunua dai risiti, na siku ile mimi sikudai.

Fundi alikuja, akafunga kwa dakika zisizozidi ishirini, akaondoka na shawa ya zamani kwenye mfuko wa rambo. Maji yalipata joto, ingawa si kama ya zamani. Siku ya tisa tukaanza kusikia harufu ya plastiki inayoungua, maji yakarudi kuwa vuguvugu, na asubuhi iliyofuata mama akaniita akiwa bado na sabuni mwilini, akaniambia kwamba akigusa koki mkono wake unatetemeka kama unaoingia ganzi. Nilikimbia kuzima breka kabla sijasema neno lolote.

Safari hii nilimwita fundi wa mtaani kwetu mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, mzee mtaratibu ambaye kila alichokifungua alinionyesha. Hakuanza na shawa. Alitoa kwanza kifuniko cha ukutani mahali waya wa shawa unapoungana na waya wa nyumba, na humo akatoa konekta, kile kiungio cha nyaya chenye skrubu, iliyoyeyuka upande mmoja, nyeusi kama mkaa, ikiwa imezungushiwa tepu mpya inayong'aa. Tepu ile iliwekwa na fundi wa duka. Maana yake ni kwamba aliliona tatizo lenyewe kwa macho yake, akalifunika, kisha akanifungia shawa mpya juu yake. Skrubu ya konekta ikilegea, umeme mwingi unaopita pale hugeuka joto palepale ukutani badala ya kwenda kupasha maji, na ndiyo sababu ya ile harufu, na ndiyo sababu shawa ya zamani ilikuwa leo inapasha na kesho haipashi. Koili iliyokatika haina tabia hiyo ya kubahatisha, ikikatika, imekatika.

Kisha akaifungua shawa mpya. Umeme ukiwa umezimwa, na swichi ya shawa ikiwa kwenye joto la juu kabisa, alipima ukinzani wa koili kwa mita ikasoma omu 18; omu zikizidi, joto hupungua. Alinifanyia hesabu kwenye kipande cha boksi: shawa ya kweli ya wati 5,500 kwa volti 220 inapaswa kusoma karibu omu 9, na hii ya omu 18, hata ukiipa volti 230 kamili, haifiki wati 3,000. Nyaya zake zilikuwa nyembamba kuliko za pasi. Lililonitia uchungu kuliko yote ni waya wa kijani, ule wa ethi, unaopeleka ardhini umeme uliovuja: kwa nje ulitoka vizuri kama unavyotakiwa, lakini kwa ndani haukuungwa popote, ulibandikwa kwa gundi kwenye plastiki. Maji ya DAWASA yakikatika, tangi letu hujazwa maji ya kisima, ambayo kwa sehemu nyingi za mji huu yana chumvi, na maji ya chumvi hupitisha umeme kwa urahisi zaidi. Koili iko wazi ndani ya maji hayo, ethi hakuna, na chini yake amesimama mama wa miaka sabini na mbili.

Nilirudi dukani nikiwa na boksi na ile konekta. Mwenye duka alinionyesha maandishi ukutani, "Mali ikishauzwa hairudishwi." Nikiwa bado nabishana naye, niliiona shawa yangu kwenye rafu ya chini, imesuguliwa ikawa nyeupe, inauzwa shilingi 60,000 kama mtumba kutoka Dubai. Niliitambua bila shaka yoyote kwa sababu pembeni ya swichi, kwenye alama ya joto la kati, mimi mwenyewe niliweka tone la rangi nyekundu ya kucha ili mama, ambaye hajui kusoma, ajue mahali pa kuisimamisha. Tone lile lilikuwepo palepale. Kumbe haikuwa na ubovu wowote, na ndiyo maana walitaka kuondoka nayo.

Kwa hiyo nawaomba, shawa ikiacha kupasha vizuri, msiende dukani kabla haijakaguliwa ikiwa palepale ilipo. Angalieni kwanza maji yenyewe, kwa sababu ndani ya shawa kuna mpira unaosukumwa na maji ndipo umeme uwake. Tangi likiwa chini mno, au kichujio cha kwenye kiingilio kikijaa mchanga, mpira hausukumwi na koili haiwaki ingawa ni nzima. Maji yakiwa mengi kupita kiasi nayo hupita haraka yakatoka vuguvugu, basi punguzeni koki muone. Kama tatizo ni la jioni tu, huenda umeme umeshuka: shawa ya volti 220 ikipata volti 180 hutoa takribani theluthi mbili tu ya joto lake. Kuhusu konekta, msiiguse wenyewe. Mwiteni fundi mwenye leseni, mwambieni aanze hapo, na mkae naye anapofungua. Shawa ya wati 5,500 hula karibu ampea 25 na inahitaji waya wake peke yake usiopungua milimita 4 za mraba. Fundi asiyeuliza waya wa ukutani una unene gani hajui kazi, au anaijua na ana lake jambo. Na kifaa chochote kikibadilishwa, kibovu kibaki mikononi mwenu.

Aliyekwisha kununua shawa kwa njia niliyoeleza azime breka yake leo hii, na asiiwashe mpaka ethi ipimwe. Boksi asilitupe, wala ujumbe wa malipo asiufute kwenye simu. Mimi nimeipeleka shawa ile TBS, shirika la viwango, pale Ubungo, na malalamiko ya nembo ya kughushi nimeyaandikia Tume ya Ushindani. Majirani zangu wawili wanapeleka ya kwao wiki hii. Konekta iliyoungua ninayo bado, ndani ya mfuko wa nailoni, pamoja na tepu yake.