Thika na watoto: acheni kupita tu mkienda ushago

Miaka yote nimekaa Nairobi, Thika kwangu ilikuwa tu ile mahali gari inasimama watu wanunue nanasi halafu safari ya Murang'a inaendelea. Nikitaja Thika kazini watu wanacheka, wananiuliza nimeenda kununua nini kwa viwanda. Sasa wikendi iliyopita tuliamua hatupiti, tunashuka. Tulikuwa sita kwa gari, mimi na mama watoto, watoto watatu (kifungua mimba ana miaka 11, kitinda mimba 4, huyo wa katikati ni wa kulalamika tu) na mamangu ambaye alikaa mbele kwa sababu ya magoti, ama ndivyo alivyosema.

Kufika si shida. Tangu ile barabara kuu ifunguliwe 2012 ni kilomita arobaini na kitu kutoka Nairobi mjini, na kama huna gari matatu za 237 zipo asubuhi hadi usiku. Shida ni masaa. Sisi tulitoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi tukapita Githurai kabla haijaamka, na hiyo ndiyo siri ya siku yote.

Ushauri wangu, anzeni na mlima. Kutoka Thika unashika barabara ya Garissa, mnapita mashamba ya nanasi yasiyoisha (watoto wangu walidhani nanasi humea juu ya mti, aibu ni yangu), halafu mnakata kulia kuelekea Kilimambogo, ile kwa ramani imeandikwa Ol Donyo Sabuk. Ni mbuga ya KWS, lile shirika la wanyamapori la Kenya, na langoni hakuna kulipa keshi, ni simu tu, kwa hivyo ingieni na bando za intaneti. Mimi zangu zilikuwa zimeisha, nikasimama pale kama mwizi hadi mama watoto akaniwashia hotspoti.

Barabara ya kupanda ni ya udongo na imesimama kweli kweli, mvua ikinyesha gari ndogo isijaribu. Kileleni ni mita 2,145. Jina linasema mbogo na wapo, lakini msitu ni mnene hivi kwamba sisi tuliona kima, ndege, na mavi ya nyati, ambayo kwa mtoto wa miaka minne ilikuwa ndio bora zaidi ya siku. Kutembea kwa miguu bila askari wa mbuga usifikirie. Karibu kilomita saba kutoka langoni kuna makaburi ya McMillan, yule tajiri Mmarekani aliyepewa cheo cha Sir na Waingereza, na mkewe Lucie, ndio huyo mama aliyejenga ile maktaba ya McMillan pale Nairobi. Hadithi yenyewe ni kwamba mzee alikufa 1925 akitaka kuzikwa juu kabisa, lakini alikuwa mnene mno, waliombeba wakashindwa na mlima wakamzika hapo njiani. Huyo wangu wa kulalamika aliacha kulalamika dakika nzima akawaza, halafu akauliza kwa nini hawakupumzika wakaendelea kesho. Sikuwa na jibu na mpaka leo sina.

Ukishuka, maporomoko ya Fourteen Falls yako karibu tu, kwenye mto Athi. Hapa nitasema ukweli wote. Kuona ni kuzuri sana, maji yanaanguka kwa mstari mrefu, na ukija wakati mto haujajaa unaweza kuhesabu kweli moja baada ya nyingine, mvua ikizidi yote yanakuwa pazia moja. Vijana wa pale wanakupeleka na mashua ya kasia karibu na maporomoko na wengine wanaruka kutoka juu ukiwapa kitu kidogo. Elewaneni bei kabla hamjakanyaga mashua, si baada, maana baada bei inabadilika kama hali ya hewa. Lakini maji bana. Povu jeupe limejaa kando, na harufu upepo ukigeuka. Kitinda mimba akauliza "Daddy nani anafua nguo?" Mama watoto akaniangalia. Ni sisi ndio tunafua, mto Nairobi unaingia Athi huko juu, kila tunachomwaga South B na Dandora kinapita hapa. Kwa hivyo piga picha, panda mashua, lakini mtoto asiguse maji na asivue viatu.

Chakula cha mchana ndio tulikosea. Tulisimama kwa choma fulani kando ya barabara ambayo sitaitaja, tukaagiza saa saba, kila tukiuliza tunaambiwa "inakuja", kuku akafika saa tisa kasoro akiwa mgumu na chipsi zimenyauka. Watoto walikuwa wameshashiba soda.

Basi tukarudi Thika yenyewe na hapo ndio siku ikaokoka. Kwanza Mugumo Gardens, si pakubwa, ni bustani tu, lakini tulikuwa na mamangu. Yeye ndiye aliwakalisha kwenye nyasi akawaambia habari za Mugo wa Kibiru, yule mtabiri wa Wakikuyu, aliyetabiri kwamba mti wa mugumo uliokuwa hapo ukianguka mkoloni ataondoka, na venye Waingereza waliufunga na pete ya chuma usianguke, na ukaanguka tu 1963, mwaka wenyewe wa uhuru. Kifungua mimba alikuwa ameweka simu chini. Sijaona hiyo kitu tangu Desemba.

Halafu Blue Posts. Hoteli iko pale tangu 1908, imekaa katikati ya mito miwili, upande mmoja maporomoko ya Chania, upande mwingine ya Thika, na unaagiza chai ya maziwa na samosa ukae kwa bustani unasikia maji yote mawili. Kuna njia ya kushuka uone karibu, ina ngazi, zinateleza kidogo, mshike mtoto mkono. Mamangu hakushuka. Alivua viatu, akaweka miguu kwa nyasi, akasema amepita hapa na basi tangu akiwa msichana na hakuna siku hata moja dereva aliwahi kumwambia kuna maji huku chini.

Kurudi tulikwama Juja, tukakwama tena Roysambu, nyuma wote wamelala na nanasi tatu zinabingirika kwa buti ya gari. Tunarudi mwezi wa nane shule zikifungwa, lakini chakula tunabeba kutoka nyumbani.