Mikoba minne ya baiskeli baada ya kilomita 2,300: uzoefu wangu

Nimeitumia seti hii ya mikoba ya baiskeli, miwili ya nyuma yenye ujazo wa lita 40 kwa jumla na miwili ya mbele yenye lita 25, kwa takriban kilomita 2,300 za lami, changarawe na matope. Mikoba niliyokuwa nayo awali ilikuwa ya kushonwa na yenye zipu, na mvua ya saa moja ilitosha kuulowesha mfuko wangu wa kulalia, kwa kuwa maji yalipenya kwenye matundu ya sindano. Hii mipya ni ya poliesta iliyopakwa plastiki, maungio yake yameunganishwa kwa joto bila uzi, na mdomo wake hukunjwa mara tatu au nne kabla ya kufungwa kwa bizimu. Mvua haijawahi kuingia. Hata hivyo, mkoba unaozuia maji yasiingie huyazuia pia yasitoke: siku niliyofungia fulana mbichi humo, jioni nilikuta nguo zote zimeshika unyevu na harufu ya uvundo. Tangu hapo vitu vibichi husafiri juu ya keria, chini ya mpira wa kufungia mizigo.

Kilichonisumbua zaidi ni ndoano zinazoshikilia mikoba kwenye keria. Siku ya kwanza mikoba ya nyuma iligongagonga keria katika kila shimo, na hatimaye mmoja ukachomoka mteremkoni, ukabingirika hadi mtaroni. Nilikuwa tayari kumlaumu mtengenezaji, mpaka nilipopima bomba la keria yangu na kukuta lina unene wa milimita 10, ilhali ndoano zilikuwa na nafasi ya bomba la milimita 16. Vipande vidogo vya plastiki vya kujazia pengo hilo vilikuwemo kwenye boksi. Mimi nilidhani ni vipuri, nikaviacha nyumbani. Nilipovipachika baadaye, kelele zilikwisha na hakuna mkoba uliochomoka tena.

Lawama ninayobaki nayo ni kwamba skrubu za ndoano ya chini hulegea kwa mtikisiko, na moja ilidondoka kabla sijamaliza robo ya safari. Tone la gundi ya nati lingetosha, na kazi hiyo ilipaswa kufanywa kiwandani. Ndoano hiyohiyo ndiyo inayosogezwa ili mkoba ukae nyuma kidogo. Usipoisogeza, kisigino kitaugonga kila pedali inapozunguka.

Kuhusu upakiaji, nilijifunza kwa gharama ya spoki mbili. Nilikuwa na mzigo wa kilo 18, na kwa kuwa mikoba ya nyuma ni mikubwa, nilijaza humo karibu kila kitu. Usukani ulikuwa mwepesi mno, ukatetemeka kila niliposhuka kilima kwa kasi, na spoki zilizokatika zote zilikuwa za gurudumu la nyuma, upande wa mnyororo, ambako spoki huwa zimekazwa zaidi na tayari zinabeba uzito wa mwendeshaji. Nilihamishia jiko, zana na chakula mbele, jumla kilo 7, vikiwa chini karibu na ekseli, na mtetemo ukakoma siku hiyohiyo. Mizani sina, kila asubuhi huinua mkoba wa kulia na wa kushoto, mmoja kila mkono, na mkono unaoshuka ndio unaonionyesha upande wa kupunguza.

Ndani hakuna mfuko wowote wa kugawia vitu, na kile unachokitafuta gizani daima huwa chini kabisa. Nimegawa vitu katika vifuko vya rangi tofauti: chekundu cha zana, cha kijani cha chakula, cha buluu cha nguo. Hema halimo humo. Hulala juu ya keria, kwa sababu likiloa halidhuru kitu kingine.

Kwa safari ya siku mbili nisingeishauri seti nzima, maana mikoba miwili ya nyuma inatosha, na nafasi tupu humshawishi mtu kubeba asivyohitaji. Kwa wiki kadhaa barabarani ningeinunua tena. Mkoba wa nyuma wa kulia una tundu la ukubwa wa punje ya mahindi, alama ya lile anguko la mtaroni. Nimelibandika utepe mpana wa gundi ndani na nje, na bado halivuji.